KILA ARDHI NA KAZI YAKE: Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji na Faida Yake kwa Mkulima

Ndugu mkulima, jembe likivunjika hununuliwa jingine. Mbegu ikiharibika hutafutwa nyingine. Ng'ombe akifa, huenda ameacha ndama. Lakini ardhi haizai, wala hainunuliwi dukani. Mwaka 1967 watu wa Tanzania walihesabiwa, wakawa milioni 12 na zaidi kidogo. Mwaka 2022 walihesabiwa tena, wakawa milioni 61 na laki 7. Watu wameongezeka mara tano, na ardhi ni ile ile. Shamba alilolima babu peke yake leo lagawanywa na wajukuu wengi, na njia aliyopitishia ng'ombe kwenda kisimani leo huenda ina mahindi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo haitoshi kujua mbegu bora, mbolea na palizi. Mbegu bora iliyopandwa mahali pasipofaa ni hasara. Shamba zuri lililolimwa katikati ya njia ya mifugo huliwa kwa usiku mmoja. Kabla ya kuuliza, "Nipande nini?" yafaa kwanza kuuliza, "Ardhi hii kazi yake ni nini?" Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji ni jibu la swali hilo, lililotolewa na wanakijiji wote pamoja na kuandikwa.

ARDHI HAIFANANI

Tazama kijiji chako toka juu kilimani mpaka chini bondeni. Juu udongo ni mwepesi, na maji hupita haraka. Katikati ni mzito kidogo. Chini bondeni ni mweusi, hushika maji wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Wasukuma walijua jambo hili zamani sana, wakaupa kila udongo jina lake. Udongo wa kichanga wa juu huitwa luseni, nao hufaa mihogo, karanga na viazi. Udongo mweusi wa chini huitwa mbuga, nao hufaa mpunga. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, alieleza jinsi udongo unavyofuatana hivyo toka juu mpaka chini ya mteremko, na maelezo yake yakasomwa dunia nzima. Wakulima walikuwa wakilima kwa kufuata mpangilio huo kabla haujaandikwa kitabuni.

Jambo la pili la kutazama ni mteremko. Waweza kuupima mwenyewe. Chukua fito iliyonyoka ya mita 4. Weka ncha moja chini, upande wa juu wa shamba, na ncha nyingine ielekee bondeni. Inyanyue ncha ya bondeni mpaka fito ilale sawa kabisa. Tumia pimamaji ya fundi, au chupa yenye maji nusu iliyolazwa juu ya fito. Kisha pima toka ardhini mpaka kwenye ncha ile iliyo juu.

Ikiwa kimo hicho ni chini ya sentimita 48, yaani kama kufika gotini, mteremko ni mdogo. Lima, lakini matuta yako yakate mteremko, yasishuke nao. Ikiwa kimo ni kati ya sentimita 48 na sentimita 140, yaani toka gotini mpaka kifuani, usilime bila makinga maji. Chimba mtaro wa fanya juu, udongo uutupe upande wa juu wa mtaro, na juu ya tuta panda majani ya tembo au majani ya guatemala yatakayolishika tuta na kulisha ng'ombe wako. Mahali hapa kahawa, migomba na miti ya matunda hufaa kuliko mahindi. Ikiwa kimo chapita kifua, weka jembe chini. Hapo ni mahali pa miti na majani ya kukata. Ukilima mahindi hapo utavuna miaka michache, kisha mvua itakuchukulia shamba na kulipeleka mtoni.

Mkulima mmoja aweza kufanya haya yote shambani mwake na bado akapata hasara, ikiwa jirani aliye juu yake amelima kilele na kukata miti. Maji hayajui mpaka wa shamba. Kwa sababu hii mpango wa mtu mmoja hautoshi, ni lazima uwe mpango wa kijiji.

MAMBO YALIYOPITA YATUFUNDISHE

Wazee wengi wakisikia maneno "mpango wa ardhi" hukunja uso, nao wana sababu. Mapema katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha watu wa milima ya Uluguru, Morogoro, kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao. Kusudi lilikuwa kuzuia mmomonyoko. Lakini watu hawakuulizwa. Kazi ilikuwa nzito mno, hasa kwa wanawake. Katika sehemu nyingi udongo mzuri ulikuwa mwembamba, na uchimbaji ukaufukia na kuleta juu udongo usio na rutuba, mazao yakapungua. Asiyechimba alitozwa faini. Mwezi wa Julai 1955 watu walikataa kwa pamoja, ghasia zikatokea, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Baada ya hapo mpango ule uliachwa.

Kisha mwaka 1973 mpaka 1976 watu wengi walihamishiwa katika vijiji vya Ujamaa. Shule, zahanati na visima vilisogea karibu, lakini familia nyingi ziliacha mashamba ya zamani, na wengine wakapewa ardhi iliyokuwa na wenyewe. Madai ya "hapa palikuwa petu" yaliendelea kwa miaka mingi baadaye, hata kufika mahakamani.

Sasa tazama mfano mwingine. Huko Shinyanga miti ilikuwa imekatwa sana, nchi ikabaki wazi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi iliyoitwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni wataalamu waligawa miche. Baadaye walitazama desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, na kufunguliwa wakati wa kiangazi majani yanapokuwa haba. Kila familia ilijua faida yake, na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati alijua adhabu yake mbele ya wazee na sungusungu. Watu walipotiwa moyo kurudisha ngitili, miti iliota yenyewe toka mizizi ya zamani, na hekta zaidi ya 300,000 zikarudi kuwa na miti na majani.

Uluguru na Shinyanga zote zilitaka kuokoa udongo. Tofauti yake ni kwamba mpango wa Uluguru ulikuwa wa ofisi, na wa Shinyanga ulishika mizizi kwa sababu watu waliuona kuwa wao.

SERIKALI YATAKA NINI

Baada ya Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji kusikiliza wananchi mwaka 1991 na 1992, serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Ardhi mwaka 1995. Sera hiyo imetengenezwa upya kwa Toleo la Mwaka 2023. Mwaka 1999 zilipitishwa Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Mwaka 2007 ikafuata Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 6. Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ndiyo inayosimamia kazi hii kwa nchi nzima.

Mambo ya kukumbuka ni haya:

Kwanza, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Halmashauri si mwenye mali. Haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani watu wote wazima wa kijiji hicho.

Pili, ardhi ya kijiji ni ya namna tatu: ardhi ya wote, kama malisho, msitu na vyanzo vya maji, ardhi ya watu au familia, na ardhi ya akiba itakayotumika baadaye. Ardhi iliyokwisha kutengwa kuwa ya wote haigawiwi mtu mmoja mmoja.

Tatu, haki ya kimila ya kumiliki ardhi ina hadhi sawa na hati inayotolewa mjini. Mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na desturi inayomnyima haki hiyo haina nguvu mbele ya sheria.

Nne, ardhi ya kijiji yaweza kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, kwa mfano kwa ajili ya mwekezaji. Ikiwa haizidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kutazama maoni ya kijiji. Ikiisha kuhamishwa si ardhi ya kijiji tena. Basi usinyanyue mkono mkutanoni kabla ya kujua ni kipande gani, ni hekta ngapi, na mipaka yake iko wapi.

Tano, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu, au zenye kuharibu, ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Anayepanga bustani ya mboga kando ya mto sharti akumbuke kipimo hicho.

JINSI MPANGO UNAVYOTENGENEZWA

Kazi ina hatua sita.

1. Wilaya hujitayarisha. Wataalamu wa ardhi, kilimo, mifugo, misitu na maji huwekwa pamoja, na fedha hutafutwa.

2. Wataalamu hufika kijijini na kusikiliza. Wanakijiji husema shida zao, na kamati ya matumizi ya ardhi huchaguliwa, wanawake kwa wanaume. Hapa wakulima na wafugaji wote wawe na watu wao.

3. Mipaka ya kijiji huhakikiwa pamoja na vijiji jirani, na ramani huchorwa kuonyesha jinsi ardhi inavyotumika sasa.

4. Kijiji hupanga. Sehemu za makazi, mashamba, malisho, msitu, njia za mifugo, vyanzo vya maji na akiba hutengwa, na sheria ndogo huandikwa. Mkutano Mkuu husomewa, hujadili, na kukubali au kurudisha. Kisha mpango na sheria ndogo hupelekwa Halmashauri ya Wilaya.

5. Ardhi hupimwa kwa mtu mmoja mmoja na kwa vikundi, masjala ya ardhi ya kijiji huwekwa, na Hati za Hakimiliki ya Kimila hutolewa. Mume na mke waandikwe wote wawili katika hati ya shamba lao.

6. Mpango hutunzwa. Kila sehemu huwekewa utaratibu wake wa kilimo bora, malisho bora au uvunaji wa miti.

Vijiji vingi bado havina mpango. Na vingine vilivyo nao viliishia hatua ya nne: ramani nzuri imekunjwa kabatini kwa mtendaji, na watu wanalima kama zamani. Ramani iliyo kabatini haizuii ng'ombe wala jembe. Ibandikwe ukutani mahali pa wazi, na alama ziwekwe kwenye mipaka ya malisho na njia, mtoto na mgeni wazione.

HESABU YA ARDHI

Mpango bila hesabu ni maneno matupu. Tuseme kijiji kina hekta 6,000 na kaya 500, na kila kaya hulima hekta 2. Leo mashamba ni hekta 1,000. Mipango mingi huandikwa kwa miaka 10. Tuseme baada ya muda huo kaya zitakuwa 700. Mashamba yatahitaji hekta 1,400. Kijiji kina ng'ombe 1,200, na katika nchi kavu kama hiyo tuseme kila mmoja ahitaji hekta 3 za malisho. Hizo ni hekta 3,600. Msitu na vyanzo vya maji ni hekta 800. Makazi, shule, zahanati na barabara ni hekta 300. Jumlisha: 1,400, na 3,600, na 800, na 300. Jibu ni hekta 6,100. Kijiji kina 6,000.

Hekta 100 zimepungua, na bado hatujaweka akiba hata kidogo. Kijiji kisichopiga hesabu hii hakitaona upungufu huo mpaka siku utakapoonekana kwa fimbo na mapanga. Kijiji kilichopiga hesabu chaweza kuzungumza mapema. Je, tupunguze ng'ombe na kufuga wachache wenye maziwa mengi? Je, tuotesha malisho bora? Je, tuvune zaidi katika eneo dogo? Hapa ndipo kilimo bora kinapokutana na mpango. Mkulima anayevuna gunia 5 kwa eka, akipanda kwa nafasi, akitia samadi na kupalilia mapema hata afikishe gunia 10, amejipatia shamba la pili bila kukata mti mmoja wala kufunga njia ya mtu.

MKULIMA NA MFUGAJI

Twajua jinsi hasara ya ardhi isiyopangwa ilivyo kubwa. Mwezi wa Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni katika Wilaya ya Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30. Chanzo cha ugomvi wa namna hii hujulikana. Mfugaji akosa njia ya kufika majini, mkulima aona shamba lake limeliwa, na hakuna karatasi wala alama inayoonyesha nani yuko mahali pake.

Njia nyingine iko. Katika Wilaya ya Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikuwa vikitumia malisho na maji pamoja. Vilikubaliana kutengeneza mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi, kama sheria inavyoruhusu, wakatenga malisho ya pamoja yanayovuka mipaka ya vijiji. Wakayaita Olengapa, jina lililofanywa kwa vipande vya majina ya vijiji vyote vitatu. Wafugaji wakaunda chama chao, wakapewa hati za kimila za malisho hayo. Kwa njia hii malisho yana mwenyewe anayejulikana, na yeyote anayetaka kulima hapo ajua kwamba analima mali ya watu.

Mkulima asidhani kwamba malisho yaliyotengwa ni hasara kwake. Ng'ombe mwenye njia na malisho yake hana sababu ya kuingia shambani kwako. Na baada ya mavuno wakulima wengi hupatana na wafugaji: mabua kwa ng'ombe, samadi kwa shamba. Mapatano kama haya hufaa yaandikwe, pamoja na tarehe ya kufungua na kufunga mashamba.

Ukitokea ugomvi, usichukue silaha wala usimkamate ng'ombe wa mtu ukamjeruhi. Nenda kwa Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina watu 7, na kati yao wanawake ni 3 au zaidi. Kazi yake ni kusuluhisha. Beba ushahidi wako: ramani ya kijiji, hati yako, na jirani wanaopakana nawe.

YAKUPASA KUFANYA NINI

Kabla ya msimu huu kuanza, fanya haya.

Nenda kwa mtendaji wa kijiji uombe kuonyeshwa mpango na ramani. Ni haki yako. Ikiwa hakuna mpango, uliza mkutanoni ni lini kijiji kitauomba wilayani.

Tafuta shamba lako katika ramani. Je, liko katika eneo la kilimo? Ikiwa limeingia katika njia ya mifugo au chanzo cha maji, seme sasa, kabla hujatia mbegu.

Tembea mipaka ya shamba lako pamoja na jirani zako wote. Panda alama ya kudumu katika kila pembe, kama mnyaa au mti mwingine unaotumika kwenu kwa mipaka.

Pima mteremko kwa fito ya mita 4. Pale panapohitaji makinga maji, mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba mpime pamoja na jirani aliye juu yako na aliye chini yako.

Hudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mkeo au mumeo ahudhurie pia. Uliza akiba ya kijiji imebaki hekta ngapi. Uliza ni nani amepewa ardhi tangu mkutano uliopita, na kwa idhini ya mkutano gani. Taka jibu liandikwe katika muhtasari.

Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zahitaji siku chache kabla ya mvua, fito moja, na moyo wa kusema mbele ya watu. Asiyehudhuria mkutano huja kulalamika wakati mpaka umekwisha kuchorwa, na mpaka uliochorwa ni mgumu kuuhamisha kuliko mti. Watoto wako watalima ardhi itakayobaki baada ya maamuzi yenu ya leo. Basi hudhuria, uliza, na kilichokubaliwa kitimizeni wote.